Inshallah Kwenye Mkataba wa Umeme

Kabla ya mkataba, kazi yangu kubwa kama meneja wa uwanja wetu mdogo wa ndege, nje kidogo ya mji wa Garissa, ilikuwa kuomba radhi. Niliwaomba radhi abiria kwa joto, nikawaomba radhi marubani kwa redio iliyokatika katikati ya sentensi, na siku moja nilimwomba radhi mama mmoja kwa ajili ya nyama. Mashine ya kukagua mizigo ilizimika ikiwa imemeza mfuko wake, na ndani ya mfuko mlikuwa na kopo la nyirinyiri, ile nyama ya ngamia inayokatwa vipande vidogo, ikakaangwa na kuhifadhiwa kwenye samli. Alikuwa anampelekea mwanawe chuoni Nairobi. Mkono wa mtu haukufika pale mfuko ulipokwama. Ndege ikaondoka na mama, nyama ikabaki tumboni mwa mashine. Alinipigia simu wiki nzima kuuliza hali yake, kama mtu aliyelaza mgonjwa hospitalini.

Umeme wa kawaida ulikuja na kuondoka upendavyo. Jenereta yetu nayo ilikuwa kongwe, tena ilikuwa na kipaji cha kutambua wageni wa heshima. Ikimwona mheshimiwa anashuka kwenye gari, inakohoa na kuzima. Mimi hasira zangu ziko karibu, na siku moja niliipiga teke. Niliumia mimi, yenyewe haikubonyea.

Kampuni ya ndege ikachoka. Mkubwa wao alinipigia simu akazungumza kwa upole ulioniogopesha kuliko matusi. Alisema kwamba ikiwa hadi mwisho wa mwezi hatutakuwa na mkataba uliotiwa sahihi wa umeme wa uhakika, tena wa miaka mingi, ndege yao haitakuja tena Garissa. Bila ndege ile, mgonjwa wa kukimbizwa Nairobi angebaki na barabara tu, na mimi ningebaki meneja wa mbuzi wanaovuka njia ya kurukia ndege na wale korongo wakubwa wenye vipara wanaolala juu ya paa letu. Sikuondoka kwetu Mwingi kuja kuwa mchungaji.

Makao makuu yetu Nairobi walikubali tununue umeme wa jumla kutoka kwa mfanyabiashara binafsi. Zabuni ikatangazwa, na aliyeshinda ni mzee mmoja wa mjini ambaye wote tulimwita Haji kwa kuwa alikwishahiji Makka. Alikuwa na ndevu alizozipaka hina na duka la jumla la sukari, mchele na unga. Miaka michache nyuma aliuza kundi lake lote la ng'ombe kule Ijara, akanunua paneli za sola na betri, akazitandaza kwenye kiwanja chake pembeni mwa mji. Sokoni walimcheka, wakasema amebadilisha maziwa kwa vioo. Alichokuwa akisubiri ni mnunuzi mmoja mkubwa, na mnunuzi huyo alikuwa sisi.

“Hii ng'ombe yangu mbya habana kunywa maji,” aliniambia siku ya kwanza nilipokwenda kuziona paneli. Kiswahili chake kilikuwa cha wazee wengi wa huko, herufi p inatoka b, na v inatoka f. “Nakula jua tu. Na Garissa jua haijawahi kwisha.”

Aliyeendesha mitambo ni binti yake, mhandisi, aliyevaa kofia ngumu ya kazi juu ya hijabu na kuzungumza haraka kama watoto wa Nairobi. Mimi aliniita anti, na baba yake alimwita kwa Kisomali, Aabo.

Makao makuu walimtuma wakili kuja kumalizia mkataba. Alikuwa kijana nadhifu, viatu vyeusi vinang'aa, na ndani ya ndege alikuwa amejitayarisha kumfafanulia mzee wa jangwani mambo magumu ya biashara ya umeme. Tulikaa dukani kwa Haji, binti naye akiwepo, juu ya magunia ya sukari, chai ya maziwa ya ngamia mikononi. Wakili akaanza kueleza, polepole kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu, maana ya kununua umeme kwa jumla.

Haji alimtazama, akatazama magunia aliyoyakalia, akanitazama mimi.

“Huyu nauliza mimi kama najua jumla?”

Wakili akaona haya kidogo, akaruka hadi kwenye kifungu alichokuwa akikiogopa zaidi. Kilisema kwamba uwanja ukishaagiza kiasi fulani cha umeme, utakilipia hata usipokitumia. Alishavuta pumzi ya kueleza, lakini Haji alimwahi.

“Mimi nachinja ngamia kwa harusi yako. Wewe nakuja nasema, Haji, bibi harusi amekataa, harusi hakuna. Nyama ni ya nani? Ni yako. Utakula, utatuba, lakini utaliba.”

Wakili akasema kwamba hajawahi kusikia kifungu kile kikielezwa vizuri hivyo, akayaandika maelezo hayo. Nikaanza kutabasamu. Tulipita bei, tukapita nyaya na mita, tukapita muda wa miaka kumi na tano, yote kabla ya chai kupoa. Nilijiona tayari nampigia simu yule mkubwa wa kampuni ya ndege na kumjibu kwa upole uleule wake.

Kisha binti akamsomea baba yake kifungu cha nne. “Muuzaji atatoa umeme kwa Mnunuzi kila siku kwa muda wa miaka kumi na tano.”

“Inshallah,” akasema Haji.

“Inshallah,” akasema wakili kwa adabu, akageuza ukurasa.

“Hapo haijaandikwa,” akasema Haji.

Tulidhani anatania. Hakuwa anatania. Alieleza kwamba mtu hasemi atafanya jambo kesho bila kuweka neno hilo, na hapa anaambiwa aseme si kesho tu, bali kesho za miaka kumi na tano. Anataka neno liandikwe kwenye kifungu chenyewe, mara tu baada ya “atatoa”. Bila hivyo hatii sahihi.

“Aabo, wacha hii stori,” binti alimwambia. “Huo ni mkataba, si dua.”

“Wewe ulisoma umeme,” akajibu baba. “Mimi nasoma hii.”

Wakili aliweka kikombe chini. Alisema, na nakiri alisema kwa heshima, kwamba neno lile mbele ya hakimu lingekuwa shimo. Umeme ukikatika, muuzaji atasema Mungu hakupenda, na hakuna mahakama inayoweza kumwita Mungu aje kutoa ushahidi. Kisha akanigeukia mimi, akidhani amepata mwenzake. “Wewe unajua, dada. Nairobi fundi akikuambia inshallah kesho, ujue haji.”

Haji aliinua kichwa. “Haji amefanya nini?”

Binti alicheka hadi chai ikampalia. Ilituchukua muda kumweleza mzee kwamba hakutajwa yeye bali fundi asiyekuja, na alipoelewa hakucheka. Alisema kwamba fundi huyo anamsingizia Mungu, na kosa la fundi lisiletwe dukani kwake. Akamwomba binti aendelee kusoma.

Bahati mbaya, kilichofuata mbele kilikuwa kifungu kinachosema kwamba muuzaji hatalaumiwa umeme ukikatika kwa sababu ya mafuriko, radi, tetemeko la ardhi au “amri nyingine yoyote ya Mungu”.

Haji alimsimamisha kwa mkono. “Rudia.”

Binti akarudia.

“Kumbe Mungu mnamjua!” Haji alisimama kabisa kutoka kwenye gunia. “Umeme ikikuja, ni Haji ameleta. Ikikatika, ni Mungu amekata. Nyinyi mnaita Mungu kama bolisi, siku ya ajali tu?”

Wakili akaanza kufunua kurasa upya. Nilimwonea huruma, nikajionea huruma mimi zaidi, kwa sababu mwisho wa mwezi ulikuwa unakuja na ndege yangu ilikuwa imeshikwa na neno moja. Nilijaribu kusuluhisha. Je, neno likiwekwa kwenye utangulizi? Haji akasema utangulizi hautoi umeme. Je, binti atie sahihi badala yake? Haji akasema huyo atasaini chochote, ni kijana. Wakili akapendekeza liandikwe kwa herufi ndogo chini ya ukurasa. Haji akamwuliza kama yeye, akiwa na shida, huomba Mungu kwa herufi ndogo.

Asubuhi iliyofuata wakili alikata tamaa. Tulipitia dukani kuaga, naye akasema, “Basi Haji, mimi naondoka na ndege ya saa tano. Saa nane nitakuwa ofisini kwangu, nitawaeleza wakubwa.”

“Sema inshallah,” Haji akamwambia taratibu.

“Saa nane nitakuwa ofisini kwangu,” akasema wakili, mkaidi kama punda wa maji.

Haji alimtazama kwa huruma ya kweli, jinsi unavyomtazama mtoto anayekimbia na kisu, akarudi kupanga sukari.

Wasomaji mnajua kilichotokea, na mimi pia nilikuwa nakihofia njia nzima. Umeme ulikatika abiria wakiwa kwenye foleni. Nikaiwasha jenereta, ikamwangalia wakili na viatu vyake, ikamwona ni mtu wa heshima, ikazima. Bila mashine mizigo haikaguliwi, na bila mizigo kukaguliwa mtu hapandi. Rubani alisubiri hadi joto likamtisha, maana kwenye joto kali ndege hupaa kwa shida, kisha akaruka na viti vitupu. Wakili alibaki kwenye benchi, begi miguuni, akiitazama ndege inavyogeuka kuwa nukta. Niliingia ofisini, nikafunga mlango, nikacheka hadi nikakaa chini sakafuni. Kisha nikakumbuka kwamba kampuni ya ndege imekwishaona safari hiyo tupu, na kicheko kikanikauka.

Haji alikuja mwenyewe kumchukua mgeni. Kwa ustaarabu wake hakutamka lolote kuhusu saa nane. Alitupeleka nyumbani kwake, tukawekewa sinia la wali na nyama ya mbuzi na ndizi mbivu pembeni. Wakili aliitenga ndizi yake kando aile mwisho kama tunda. Nyumba nzima ikamtazama kwa mshangao, maana kule ndizi na wali huliwa pamoja, tonge moja. Binti alimwonyesha. Akajaribu, kisha akala ndizi yake na yangu.

Nadhani ni shibe iliyomlainisha. Alinawa mikono, akauliza swali ambalo sisi sote tungepaswa kuuliza siku ya kwanza.

“Haji, hebu nieleze. Ukisema inshallah, unamaanisha nini hasa? Kwa sababu mimi nikisikia neno hilo, nasikia ‘pengine’.”

“Bengine?” Haji alishtuka kama aliyetukanwa. “Habana! Mtu nasema inshallah halafu nakaa tu, huyo ni mwongo na ameongeza Mungu kwa uwongo yake. Inshallah ni hifi. Mimi nafanya yote naweza. Yote, mbaka ngufu inakwisha. Ile siwezi, hiyo ni ya Mungu.”

Wakili alimwomba arudie. Kisha akakunja uso, akatoa kalamu.

“Anti,” binti alininong'oneza, “huyu ameelewa ama anaumwa na tumbo?”

Alikuwa ameelewa. Alitueleza kwamba kifungu chake mwenyewe, kile cha amri ya Mungu, kinamruhusu muuzaji kukaa nyumbani na kunyoosha miguu mara tu mvua kubwa inaponyesha. Maelezo ya Haji hayamruhusu. “Hili ni kali kuliko langu,” alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshindwa akafurahi. Akamwonya Haji kama mwanasheria mwaminifu kwamba anajifunga kamba bure, na kwamba kifungu cha zamani cha kumlinda kitabaki palepale kama anataka. Haji akasema kibaki au kisibaki, yeye anataka neno lake tu.

Neno likaandikwa baada ya “atatoa”, na hivyo ndivyo mkataba wetu ulivyopata kwenye orodha ya maana za maneno, kati ya “Gharama” na “Jua”, mstari unaosema kwamba inshallah maana yake ni muuzaji kufanya kila lililo katika uwezo wake, na lisilo katika uwezo wake kubaki la Mungu. Makao makuu walipiga simu kuuliza kama huyo Mungu ni mhusika wa tatu na kama naye anatakiwa kutia sahihi. Niliwajibu vibaya, hasira zangu nimekwisha kuzitaja. Wakakubali, kwa kuwa mwezi ulikuwa unakatika. Haji alitia sahihi dukani, polepole, akitamka neno lake kwa sauti. Kampuni ya ndege ikabaki.

Miezi iliyofuata nilikaribia kunenepa kwa kukosa shughuli. Mashine ilikagua mizigo, redio ilisema sentensi hadi mwisho, na jenereta yetu kongwe ilichukuliwa na wanunuzi wa vyuma chakavu. Niliisindikiza hadi getini nihakikishe inaondoka kweli.

Kisha ikaja mvua ambayo hatukuizoea. Mto Tana ulifurika, ukakata barabara ya Nairobi, na mji ukawa kisiwa. Nguzo za umeme zilianguka. Mawingu mazito yalikaa juu yetu siku baada ya siku, na zile paneli zilizokula jua zikashinda njaa. Binti alinipigia asubuhi moja, sauti yake haina mzaha hata chembe.

“Anti, betri ziko chini kabisa. Nimezima kila kitu. Zitabeba redio tu. Taa za njia ya ndege haziwezi.”

Siku hiyo ndiyo siku ambayo mama mmoja wa mtaa wa Iftin alifika uwanjani na mtoto mchanga asiyepumua vizuri, pamoja na muuguzi aliyebeba mtungi wa oksijeni. Mtoto alitakiwa hospitali kubwa Nairobi. Barabara hakuna. Rubani akasema kwenye redio kwamba kwa giza lile la mawingu, bila taa hashuki, na sikumlaumu. Mama alikaa kwenye benchi akihesabu pumzi za mtoto kifuani. Ningependa angenipigia kelele.

Nilimpigia wakili, sijui kwa nini, labda nilitaka mtu wa kugombana naye. Alifungua mkataba wake. “Mafuriko yametajwa,” akasema kwa huzuni. “Haji hana kosa. Ana haki ya kukaa nyumbani.” Nikakata simu. Nililichukia lile neno siku hiyo. Niliwaza kwamba wakili alikuwa sahihi tangu mwanzo, kwamba niliuza ndege yangu kwa neno ambalo mtu anaweza kujilaza ndani yake kama kwenye machela.

Nikiwa bado na simu mkononi, nikasikia gari linanguruma kwenye matope nje ya geti. Lilikuwa pikapu la Haji, na juu yake jenereta kubwa imefungwa kwa kamba na kufunikwa turubai. Mwenyewe alikuwa nyuma pamoja nayo, ameishikilia kwa mikono miwili, msuli aliojifunga umelowa hadi kiunoni. Niliitambua ile jenereta. Ndiyo iliyokuwa ikiendesha chumba chake cha baridi, kilichojaa nyama ya kuuza kwa mabucha ya mji mzima.

Binti aliruka chini na nyaya zake. Wanaume wote waliokuwa uwanjani walisukuma, hata yule afisa usalama ambaye sijawahi kumwona akishika kitu kizito kuliko rungu. Ikanguruma, ikashika, na taa zikawaka njia nzima, moja baada ya nyingine, njano kwenye mvua. Nilikimbilia redio nikaita rubani nikipiga kelele kama kichaa. Ndege ilikuja, ikatua, ikamchukua mama na mtoto na muuguzi, ikaondoka.

Muda si mrefu lori la Haji nalo likafika, limebeba nyama. Chumba cha baridi kilikuwa kimezimwa, isingefika kesho. Alikuwa ameagiza masufuria, kuni kavu zikatafutwa sijui wapi, moto ukawashwa chini ya mabati ya maegesho, na kila aliyekwama kwa mafuriko akaitwa kula. Wahudumu wa mizigo walikula wakiwa wamesimama. Korongo walishuka kutoka kwenye paa, wakajipanga foleni kwa adabu kuliko abiria.

Nilimfuata Haji pale alipokuwa anakamua maji kwenye msuli wake.

“Haji,” nikamwambia, “wakili ameusoma mkataba. Mafuriko ni amri ya Mungu. Hukulazimika kuleta chochote.”

Alinitazama kana kwamba miezi yote ile hakuna alichonifundisha.

“Mungu ameleta mfua,” alisema. “Ameleta mawingu, ameleta mto. Sawa, hiyo yake.” Akaielekezea jenereta kidevu. “Hii hajachukua. Ameniachia. Sasa hii ni ya nani?”

Nilisimama pale na sahani mkononi, nikilia waziwazi mbele ya wafanyakazi wangu, meneja mzima.

“Kula, walaal, dada yangu,” akaniambia. “Nyama nabata baridi.”